Amenyooka kwa Mgongo wa Nani

Siku ya kwanza ya mafunzo nililala chali kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa hapa Bariadi, magoti juu, vitabu vya shule chini ya kichwa, macho wazi, na nikaambiwa nisifanye chochote. Nikauliza nisifanye chochote mpaka saa ngapi. Mwalimu akasema mpaka nitakapoacha kuuliza. Nilimchukia hapohapo. Nilitamani kuinuka niende zangu, ila shingo ilikuwa inauma kiasi kwamba hata kuinuka kulihitaji mpango.

Kulikuwa na jambo jingine lililonikera zaidi, na sikulisema. Kwetu mtu halali chali mchana, macho wazi, mbele za watu. Anayelazwa hivyo ni yule ambaye wenzake wamekaa pembeni wanamlilia. Nilitazama juu, nikasikia bati likilia kwa joto, nikajiambia kwamba jambo linaloanza hivi haliwezi kuisha vizuri. Sina kipaji cha utabiri. Mimi ni mtu wa kuwaza mabaya kwanza, basi, na mara nyingi nawaza bure.

Nina kibanda cha stationari Somanda, jirani na hospitali. Nachapa barua, natoa kopi za vyeti, nawajazia watu maombi ya kazi wasizozipata. Miaka ya kukaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kompyuta ilikuwa imenipandisha mabega mpaka masikioni. Vidonge vya maumivu nilivimeza mpaka tumbo likagoma. Mteja wangu mmoja ndiye aliyeniambia kuwa kuna mwanamke mgeni mjini, mtaalamu wa viungo, anafundisha watu namna ya kukaa na kusimama. Nilicheka. Nikamuuliza ni nani asiyejua kukaa.

Mwalimu alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye sauti ya chini, aliyeletwa huku na uhamisho wa mumewe. Mambo yale alikuwa ameyasomea nje ya nchi. Alitukusanya wanawake wachache, akasema kwanza tutajifunza kuusikia mwili wetu, kisha tutajifunza kuwawekea wengine mikono ili nao wausikie wao. Hakukuwa na kuruka wala kunyoosha viungo. Siku nzima ilikuwa kukaa, kuinuka, kulala chini, na neno moja alilolirudia mpaka likawa linaniwasha: ngoja.

"Mwili wako unajibu kabla hujaulizwa," aliniambia. Akapita nyuma yangu, akaniita. Kabla sijageuka akaniwekea kiganja kisogoni. "Umesikia? Shingo imeshajikunja. Sasa ngoja. Usigeuke. Iachie kwanza, halafu uchague kama unataka kugeuka."

Nilifikiri ni mchezo wa watu wasio na shughuli. Ila siku ile nilipotoka ukumbini, bodaboda akanipigia honi kwa nyuma, na kwa mara ya kwanza maishani nikasikia shingo yangu ikizama kati ya mabega kama ya kobe. Nikagundua kwamba inafanya hivyo kila mara. Simu ikiita, inazama. Mteja akigonga kaunta, inazama. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo kama mtu anayesubiri kupigwa, na sikumjua mpigaji. Jambo hilo lilinitisha, na ndilo lililonifanya nirudi kesho yake.

Siku nyingine alitaka tumwonyeshe tunavyowasalimu wakubwa kwetu. Nikapiga magoti kama nilivyofundishwa na mama, kichwa chini, mikono mapajani. Mwalimu akanigusa kisogo. "Magoti bado hayajafika chini, shingo imeshapiga magoti peke yake," akasema, na wote tukacheka. Kisha akatupa zoezi. Mtu akikusalimu, usiitikie papo kwa papo. Ngoja. Isikie salamu, iachie shingo, ndipo uitikie.

Wote tuliokuwa mle ukumbini tulikuwa Wasukuma isipokuwa yeye. Hakuna aliyemwambia. Tulitikisa vichwa tukasema sawa mwalimu, kwa maana mtu aliyesoma akisema, sisi huwa tunasema sawa. Kwetu salamu haiachwi hewani. Mtu akisema mwadila, neno la mwadila lazima limrudie kabla hajafumba mdomo, kisha ataulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, na zote zitajibiwa kwamba ni mhola, ni salama. Asiyeitikia ana sababu, na watu wataitafuta sababu hiyo wenyewe. Mwalimu hakulijua hilo. Sisi tulilijua, na tukalichukua zoezi tukaenda nalo nyumbani.

Nyumbani kwangu mimi, ukiacha chumba ninachopanga Somanda, ni kwa mama yangu, kitongojini, mbele kidogo ya Dutwa. Baba alikwisha kufariki. Mama anaishi peke yake kwenye mji wetu wa zamani, boma lenye nyumba ya matofali na jiko la nyuma, uzio wa minyaa umezunguka. Kabla sijaenda mbali inabidi niseme kuhusu macho yake. Ni mekundu. Huku kwetu miti imekwisha, na wanawake wanapikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na moshi wake unaingia machoni miaka nenda miaka rudi. Kila mtu anajua hivyo. Hata hivyo, bibi mjane mwenye macho mekundu anaishi kwa huruma ya majirani, na hilo nalo kila mtu analijua. Nimekua nikisikia habari za mabibi wa vijiji vingine walioitwa wachawi kwa macho kama hayo, wakakutwa asubuhi wamekatwakatwa, na kila mara mama aliposikia habari kama hizo alikwenda kuwasalimu majirani wote, mji kwa mji, hata kama alikuwa amewasalimu jana yake.

Macho hayo aliyafunika kwa kuinama. Palizi ya pamba ilikuwa imemkunja, akawa anatembea uso ukiangalia miguu yake, fimbo mkononi. Aliyekutana naye njiani aliona kilemba.

Mwalimu alipotuambia tumtafute mtu wa kufanyia mazoezi ya mikono, sikufikiria mwingine. Nilikwenda Dutwa Jumapili, nikamweleza mama. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Yaani mmelipiwa ukumbi mfundishwe kulala?"

"Lala tu, mayu. Utaona."

"Na hivyo vitabu vya kichwani?"

Vitabu pekee nyumbani vilikuwa Biblia na kitabu cha nyimbo, na akakataa katakata kulalia neno la Mungu. Tukakunja blanketi. Ndani kulikuwa na giza na joto, kwa hiyo tukatandika turubai uani, lile la kuanikia pamba. Nikampandisha magoti, nikakaa chini upande wa kichwa chake, nikaingiza mikono chini ya kisogo. Kilikuwa kichwa chepesi kuliko nilivyodhani. Nikamwambia asinisaidie, asifanye kitu, aache macho wazi. Na nikamwambia neno lile. "Ukisikia chochote, mayu, ngoja. Usikimbilie kujibu."

Mama alikuwa mwanafunzi hodari kuliko sisi sote. Haikupita muda nikasikia shingo yake ikiachia, kama fundo la kamba linapolegea lenyewe. Nilifurahi mno. Nilikuwa bado nimefurahi hivyo wakati jirani aliposimama penye mwanya wa uzio.

Alikuwa mke wa mji wa pili, mwanamke mzima, mdogo kwa mama, ambaye watoto wake wengi walipokelewa na mikono ya mama. Alikuja kuomba moto, ana kigae mkononi.

"Mwadila, mayu," akasema.

Mama akangoja. Nilisikia kwenye viganja vyangu jinsi alivyongoja, shingo haikushtuka hata kidogo, na badala ya kuitikia mimi kwa niaba yake, nilitabasamu peke yangu kwa ufundi ule. Nami nilikuwa nangoja. Salamu ilikaa juu yetu. Mama amelala chali, macho mekundu yakitazama mbinguni, binti yake amemshika kichwa, hakuna anayesema.

"Mwadila," mama akaitikia mwishowe, kwa sauti tulivu.

Tulipoinua vichwa, mwanya ulikuwa wazi. Kigae alikiacha chini, pale aliposimama.

"Ameondoka?" mama akauliza.

"Labda ana haraka."

Mama akainuka, akakiokota kigae, akakitia makaa, akampelekea. Aliporudi alisema ameambiwa moto umekwisha kupatikana kwingine. Alilisema hilo akiwa ananipakulia michembe ya viazi, na mimi nikala.

Nilikwenda karibu kila Jumapili baada ya hapo. Wakati wa palizi ulipokwisha mama alikuwa amebadilika. Sisemi alikuwa msichana. Lakini uso ulikuwa umeinuka, kifua kimefunguka, na ile fimbo ilikuwa imepata kazi nyingine, ya kukingia mlango wa banda la kuku. Siku moja alisimama katikati ya ua akatazama juu ya nyumba muda mrefu. "Kumbe bati limeota kutu namna hii," akasema, na alikuwa na furaha kama mtu aliyeonyeshwa nyumba mpya. Alikwenda kisimani amenyooka. Alikwenda gulioni Dutwa amenyooka, ndoo kichwani. Watu walimwona uso, na waliona macho.

Mimi huku Bariadi nilitamba. Mwalimu alinisifu mbele ya wenzangu, akasema nina mikono inayosikiliza. Shingo yangu ilikuwa haiumi tena. Nilianza kuwaza kuweka godoro nyuma ya kibanda nihudumie wagonjwa.

Ndipo akaja mteja mmoja. Kijana mtu mzima, nguo za safari, alitaka kopi za kadi ya kliniki. Akaniambia ametoka upande wa Dutwa, amemleta mama yake mdogo hospitali, mgongo umemkamata akiwa shambani na sasa hawezi kusimama, ameinama kama aliyevunjika. Nikampa pole. Nikamwambia, kwa majivuno yangu mapya, kwamba mgongo huwa na sababu zake.

"Sababu tunaijua," akasema. "Pale jirani kuna bibi. Miaka yote amepinda, macho kama makaa. Mwaka huu kanyooka. Bibi wa umri ule, dada, ananyookaje? Na mama mdogo amepinda. Sasa sisi tunauliza, yule kanyooka kwa mgongo wa nani?"

Mashine ilikuwa inatoa kopi. Nilisikia shingo yangu ikizama, yote, mpaka mwisho.

"Ana binti yake huku mjini, ndiye anayemfanyia," akaendelea. "Anamlaza chini kama maiti, anamshika kichwa. Mama mdogo aliwakuta. Akawasalimu, hawakuitikia. Salamu imeachwa hewani mpaka akapata baridi ya mwili. Tangu siku ile hajawa mzima."

"Waliitikia," nikasema.

Akanitazama. "Ulikuwepo?"

Nikasema hapana, nawaza tu. Nikamkabidhi karatasi zake. Aliniangalia tena alipokuwa mlangoni, na sijui mpaka leo kama alinifananisha na mama yangu.

Siku hiyohiyo nilikwenda ukumbini kwa hasira. Nilimwambia mwalimu yote, nikamwambia kwetu salamu haingojewi, na kwamba angeuliza kabla ya kutufundisha kukaa kimya mbele za watu. Nilitaka abishe ili nipate wa kugombana naye. Hakubisha. "Sikujua," akasema. Na mimi niliyefundishwa naye kuona, niliona shingo yake ikijikunja, yeye ambaye hata radi haikumshtua. Nikajua kwamba hana la kunisaidia.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa Dutwa. Nilitembea kutoka barabarani nikisalimu kila niliyekutana naye, mbio mbio, salamu ya asubuhi, mwangaluka, mwangaluka, kama anayelipa faini. Wengine waliitikia. Mwanamke mmoja niliyesoma naye shule ya msingi alijishughulisha na kamba ya ndoo mpaka nikapita.

Mama alikuwa anafagia ua, amesimama wima. Nyuma yake niliona mwanga mahali ambapo hapakuwa na mwanga. Upande wa chumba anacholala, minyaa ilikuwa imekatwa. Kipande kizima, upana wa mtu kupita, na matawi yamepangwa pembeni vizuri. Utomvu mweupe ulikuwa bado unadondoka kwenye visiki.

"Nani amekata, mayu?"

"Ng'ombe wamepita."

"Ng'ombe hawali minyaa. Na hawana panga."

Aliendelea kufagia, akafagia mpaka penye visiki, akaurudisha ufagio. Nikamwambia afunge nguo zake tuondoke, atakaa kwangu Somanda. Niliogopa, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeogopa. Nilikuwa nimekwisha kuliona akilini panga lile, na mlango wetu wa mbao laini, na komeo ambalo hata kuku angelifungua.

"Nikiondoka nitakuwa nimekubali," mama akasema. "Halafu nitazikwa wapi? Baba yako yuko hapa."

"Hapa hapa watakuzika kabla ya siku yako."

"Ndiyo maana nafikiri. Usinipigie kelele."

Alikaa kwenye kigoda akafikiri mpaka jua likapita utosini. Nilipika uji, hakuunywa. Kisha akasimama, akajifunga khanga nyingine juu ya gauni, akaniambia tunakwenda kumwona mgonjwa, maana amerudishwa jana kutoka hospitali na sisi ni majirani.

Penye lango la uzio alisimama. Nilidhani ameghairi. Kisha nikaelewa anachofanya, kwa sababu ni mimi niliyemfundisha. Alikuwa anangoja. Shingo ililegea, kichwa kikapanda juu yake bila kusukumwa, mgongo ukapanuka. Sijawahi kumwona mtu amesimama vizuri kama mama alivyosimama dakika ile, si ukumbini, si popote. Mwalimu angelia. Halafu akachagua. Alianza na shingo, akaikunja polepole, akashusha mabega yakaifuata, kiuno kikavunjika, uso ukaangalia miguu. Pingili moja baada ya nyingine, alirudi kuwa bibi niliyemjua tangu nikiwa mtoto. Akanyoosha mkono pembeni bila kunitazama.

"Nipe fimbo yangu."

Nilikwenda nikaitoa kwenye mlango wa banda. Kuku wakatoka wote.

Jirani alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka chini ya ukuta, mto umewekwa nyuma. Alikuwa amekonda, na maumivu yake yalikuwa ya kweli. Mikono yangu ilijua hivyo kwa kumwangalia tu, ni misuli ya kiuno iliyokamata baada ya siku nyingi za jembe, na ningeweza kumweleza alaleje ili apumzike. Nisingethubutu kumgusa hata kwa kidole. Mumewe alikuwepo, na wanaume wengine wawili wamekaa kwenye magogo. Hawakuinuka.

"Mwadila," mama akasema kutoka kule chini alikokuwa ameelekeza uso.

Hakuna aliyeitikia. Sasa ilikuwa zamu yetu kusubiri. Mimi nilipiga magoti kabisa mavumbini. Nilimwona mmoja wa wale wanaume akimtazama mama mgongo, akaufuata kwa macho kutoka shingoni mpaka kiunoni na kurudi, kama mnunuzi anavyomkagua ng'ombe mnadani.

"Mwadila, mayu," mgonjwa akaitikia.

"Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu, ila huu mgongo."

"Pole, mwanangu," mama akasema. "Na mimi mgongo umenirudia."

Ni maneno ambayo mtu yeyote mwenye mgongo huyasema, mgongo umenirudia, kama malaria inavyomrudia mtu, kama jino. Lakini mle uani yalitua kwa namna nyingine. Mumewe akawatazama wale wenzake. Mgonjwa akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyekuwa anadai kitu na amekipokea. Tukaletewa vigoda. Tukaletewa maji.

Njiani nilishindwa kujizuia. "Umekiri, mayu. Unajua watakavyosikia. Umekiri kwa mdomo wako."

"Nimesema mgongo wangu unauma. Ni uongo?"

"Haukuwa unauma."

"Sasa unauma," akasema, na hakuinuka hata tulipokwisha kuingia ndani ya uzio wetu, kwa sababu uzio ulikuwa na tundu.

Jirani alipona. Vidonge vya hospitali, kulala, shamba kupumzika; mwezi haukuisha akawa anateka maji mwenyewe. Nilisikia habari hiyo hapa kibandani nikashukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikasikia na neno lililofuatana nayo. Watu walikuwa wanasema amerudisha. Hawakusema mama hana hatia. Walisema bibi ametishwa kidogo tu, ameogopa, amerudisha mgongo wa mwenzake. Na waliotulia wakaanza kusema kwamba anayejua kurudisha ndiye anayejua kuchukua.

Minyaa niliyoipanda mwenyewe penye pengo imeshika, inanifika gotini. Mama anainama. Mwanzo alikuwa ananyooka akishafunga mlango, tunalala chini kwenye turubai ndani ya joto lile, namshika kichwa, tunacheka kimya kimya kama wezi. Siku hizi nikimwekea mikono siipati tena ile shingo. Kuinama kwa makusudi kumekuwa kuinama kwa kweli. Nilimwambia mwalimu. Akasema mwili haujui kuigiza muda mrefu, unaishia kuamini. Mafunzo yale niliyaacha baadaye, sikugombana na mtu.

Kila asubuhi mama hunipigia simu. Haulizi habari zangu kwanza. Ananieleza kitongoji kimeamkaje, nani anakohoa, mtoto wa nani ana homa, ng'ombe wa nani hakusimama. Anazikusanya habari hizo kisimani, mji kwa mji, kwa salamu. Mimi husikiliza migongo tu.

Leo aliniambia kwamba mke wa ule mji wa juu, wenye ng'ombe wengi, ameamka hawezi kujigeuza kitandani. Alilisema kwa sauti ileile anayoniambia habari za mvua. Mwanamke huyo sikumbuki hata kama alishawahi kukanyaga kwetu.

"Na wewe, mayu?"

Alingoja kwanza. Nilikujua kungoja huko, ni mimi niliyemfundisha.

"Mimi nimeinama mpaka mwisho, ng'wanone," akasema. "Safari hii sina cha kurudisha."

Sikungoja. Nilifunga kibanda wateja wakiwa mlangoni, nikatafuta gari la Dutwa, na haya nayaandika ndani ya nyumba yake, nimekaa kwenye kigoda, mgongo wangu nimeuegemeza kwenye mlango.